Udongo wa Nyuma ya Kantini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, usije ukaisoma hadithi hii huku unamtafuta mjinga kwa watu wengine.

Wanawake wa kambi walikuwa wamejaa barazani mwa wodi ya wazazi, khanga zimefungwa viunoni, midomo iko tayari. Huku kwetu bondeni, chini ya ukingo wa Ufipa, vigelegele vya mtoto havipigwi mpaka mtoto mwenyewe alie. Analia yeye kwanza, ndipo wanawake wanamjibu. Desturi hiyo tulishuka nayo kutoka juu pamoja na masufuria na magodoro, wakati visima vya heliamu vilipofunguliwa. Kampuni imetubadilishia karibu kila kitu, lakini hiyo imetuachia.

Basi walisubiri. Mlango ukafunguka, nesi Filotea akatoa kichwa, akaniita kwa kidole.

Mke wangu Oresta alikuwa amelala ubavu, jasho limemkaukia usoni. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia dirisha. Mtoto alikuwa kifuani pake. Wa kike. Rangi nzuri, vidole vyote vipo, macho wazi. Kimya.

"Nimemchapa nyayo," Filotea alisema. "Nimemsugua mgongo. Nimemdondoshea maji baridi. Anapumua, na moyo wake unakwenda vizuri kuliko wa kwako. Lakini halii."

"Kaja na adabu zake," nikasema. "Wewe mtani ungekuwa na nusu ya adabu hizo, ungekuwa umeshaolewa."

Filotea ni mtani wangu. Watu wa kwao na watu wa kwetu hutukanana hata msibani, wala hakuna anayekasirika. Siku zote neno langu moja hunilipa kwa mawili. Siku ile hakunilipa. Alikuwa anamtazama mtoto, na mtoto alikuwa anatazama taa ya dari bila kupepesa.

Nikatoka barazani.

"Mbona kimya?" aliuliza mama mkwe wangu, Mama Ledigunda, aliyekuwa ameshuka kutoka juu kuja kumlea bintiye.

Mbele ya mkwe utani haukai, kwa hiyo nilijikaza. "Mtoto yupo, Mama. Mzima. Wa kike."

"Sikumsikia."

"Ni mstaarabu tu, Mama. Hapendi makelele." Nikawageukia wengine, ambao si wakwe zangu. "Haya, pigeni! Mnangoja mwaliko?"

Walitazamana. Mmoja akaanza, kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi kwenye sufuria ya jirani. Wengine wakafuata. Vilipigwa vigelegele virefu, vizuri, vikagonga bati la wodi vikarudi. Vilipigwa kwa neno langu. Mtoto mwenyewe hakuwa amesema kitu.

Mama mkwe hakupiga. Alivuta khanga yake akafunika mdomo.

Mchana nilikwenda kantini kutangaza. Nilisimama juu ya benchi, nikagonga kijiko kwenye kikombe cha bati, nikasema nimepata mtoto asiyelia, na mwenye wivu ajinyonge. Watu walinipa mikono. Fundi Osward, tunayeshuka naye kisimani, alisema wa kwake alimkeshesha mpaka akasahau jina lake mwenyewe. Mpishi aliniongezea mnofu. "Huyo Kampuni itamchukua akiwa chekechea," mtu alisema. "Ameshafuzu masomo yote." Nilicheka sana siku ile. Nilicheka na mnofu mdomoni.

Kiti cha pili kutoka kwangu kilikuwa wazi. Asubuhi ile bomba lilikuwa limemwangukia Kalolo wa zamu ya kwanza, akafa papo hapo. Mtu alikuwa ameweka mfuko wake wa mkate juu ya kiti hicho. Hakuna aliyeona kama kuna ubaya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwomba mwenye mkate anikatie kipande.

*

Lazima nikueleze habari ya mgeni, la sivyo utatuona tu watu wabaya.

Kuna kimelea anaitwa toksoplazma. Ni wa zamani kuliko sisi. Wa porini huyo hukaa tumboni mwa paka, hutoka na kinyesi cha paka, huingia udongoni, na kutoka udongoni huingia kwa yeyote: panya, mbuzi, mtu. Akishaingia kwa mtu hupanda kichwani, akajijengea kifuko kidogo, akatulia. Wengi wanaye na hawajui. Yule ni mpangaji tu, hana ugomvi. Ubaya wake ni mmoja: mwanamke akimpata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mpangaji huyo huvuka kondo la nyuma akamwendea mtoto. Na kwa mtoto hatulii.

Wataalamu wa Kampuni walimchukua wakamfuga. Walimng'oa meno, wakamkata uwezo wa kutaga tumboni mwa paka, wakampa kazi; huyo ndiye tunayemwita mgeni. Ndani ya kifuko chake, kichwani mwa mtu, anatengeneza tone la utulivu, polepole, saa zote. Maana kisimani huko chini watu walikuwa wanashikwa na hofu. Unashuka kwenye kizimba gizani, hewa nyepesi inakubadilishia sauti mpaka unaongea kama kifaranga, na ghafla mtu mzima anaanza kuparua ukuta akitaka kutoka. Niliwahi kumshikilia mmoja. Niliwahi kuwa mmoja. Baada ya mgeni, hakuna anayeparua. Sindano moja begani, na hofu inakuwa kama redio ya jirani: unajua inaimba, huisikii maneno.

Shida ni kwamba mgeni hachagui. Hofu, huzuni, aibu, vyote anavipunguza sauti. Utani ulibaki. Nadhani ni kwa sababu utani wangu haukuwahi kukaa moyoni. Uko mdomoni, na huko mgeni hafiki.

Mimi nilimchukua mwezi uleule tuliomzika Benadeta, mtoto wetu wa kwanza. Bena alikuwa ameanza kutamka majina ya watu. Mimi alikuwa ananiita "Dedi." Homa ya vumbi ilimchukua wakati wa kiangazi, na tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo, maana makaburi ya kambi yalikuwa hayajapimwa. Nakumbuka kwamba nililia. Nakumbuka kama unavyokumbuka njia ya kwendea shule: hapa kuna daraja, pale kuna kinu, pale kuna mbwa.

Oresta alikuwa anafanya kazi dobi, hashuki kisimani. Walimwita na yeye wakampa nafasi, bure, kwa kumhurumia. Alikataa. Nilimwuliza kwa nini.

"Nikichomwa hiyo sindano, Bena ataliliwa na nani?" alisema. "Wewe?"

Nilikuwa nimeshachomwa.

*

Filotea alituita zahanati mtoto akiwa bado mchanga wa kuogeshwa kwenye beseni. Tulikwenda wote, na Mama mkwe.

Alishusha pazia zito, chumba kikawa giza mchana kweupe. Akamtilia mtoto matone machoni, akamsogezea kioo kidogo cha duara, picha ikatupwa ukutani, na ukuta mzima ukawa jicho. Sijawahi kuona kitu kama kile. Rangi ya chungwa, mishipa imetambaa kama mito kwenye ramani. Pembeni palikuwa na baka jeupe lenye ukingo mweusi.

"Hili ni kovu," Filotea alisema. "Jicho la kulia. Limeanza tumboni, limepona lenyewe vibaya. Hapa haoni, wala hatakuja kuona."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, nikasikia pumzi yake.

"Sasa angalieni." Akabonyeza, taa ikawa ya buluu.

Kwenye jicho lile, kuzunguka lile kovu, vikawaka vidoa vya kijani. Vidogo, kama macho ya wadudu ukiwamulika tochi. Akahamia jicho la kushoto. Lilikuwa safi, halina kovu, lakini vidoa vya kijani vilikuwapo, na vitatu vinne vilikuwa vimekaa karibu kabisa na katikati, pale mtu anaposomea, pale anapotambulia sura ya mamaye.

Rangi ile ya kijani kila mfanyakazi anaijua. Kampuni humpaka mgeni rangi ili manesi waweze kumwona. Isije ikapotelewa na mali yake.

"Haiwezekani," nikasema. "Mgeni hawezi kuvuka kondo. Na huyu mama yake hajawahi kuchomwa. Mtani, taa yako imelewa."

"Lala hapo, Oresta," Filotea akasema.

Oresta akalala. Ukuta ukawa jicho la mke wangu. Taa ya buluu ikawaka. Kijani.

Ndipo ukanijia mwaka ule wote wa mimba. Oresta alikuwa mtu wa kulia. Alikuwa analia akifua, analia akila, anaacha kula. Halafu mimba ilipokuwa kubwa kidogo, akaanza kunyamaza. Akalala usiku kucha. Akaacha kukaa karibu na kamba ya nguo. Mimi nikawaambia wenzangu kisimani: mimba hii imemtuliza mke wangu, mtoto huyu ni tabibu. Nilifurahi, kadiri ninavyoweza.

"Ulikuwa unakula nini?" Filotea alimwuliza. "Nyama mbichimbichi? Maziwa ya mbuzi yasiyochemshwa?"

"Udongo," Oresta alisema.

"Wa dukani? Ule wa kuokwa?"

"Ule ni chaki. Nilikuwa nautema. Nilitaka wenye harufu ya mvua." Akanielekezea kidevu. "Aliniletea yeye."

Ni kweli. Wanawake wetu wakiwa na mimba hula udongo, na mume anayemjali mkewe humtafutia mzuri. Mimi nilitafuta kambi nzima. Ule wa barabarani una mafuta ya mashine, ule wa mtoni una chumvi. Nilipata nyuma ya kantini. Nilikuwa naupeleka kwenye leso, ukiwa na unyevu wake, Oresta anaunusa kwanza kabla ya kula, anafumba macho. Niliona fahari. Wanaume wengine wanaleta wa dukani.

"Nyuma ya kantini pana nini?" Filotea akauliza.

"Pana kivuli. Pana tangi linalovuja, kwa hiyo hapakauki. Udongo wake laini, mtani, laini kama unga wa ulezi. Hata jembe huhitaji, unachota kwa mkono." Nikasikia mdomo wangu unaendelea peke yake. "Wale paka wa Kampuni hulala pale jua likiwa kali."

Paka wale waliletwa kukamata panya wanaotafuna nyaya.

"Paka ndio waliokulainishia," Filotea akasema. "Kila siku wanafukua, wanajisaidia, wanafukia."

Nikacheka. Sikutaka kucheka, ni mdomo. Niliona Filotea ameinua mkono kama anayetaka kunizaba kofi, kisha akaushusha, akaupangusa kwenye aproni.

Alitueleza kwa maneno machache. Panya waliingia kwenye mapipa ya taka za maabara, wakampata mgeni aliyefugwa. Paka wakala panya. Paka haohao walikuwa tayari na yule wa porini. Tumboni mwa paka mmoja wawili hao wakakutana wakaoana bila padri wala mshenga, na mtoto wao akarithi utulivu na rangi kwa mmoja, meno na uwezo wa kutaga kwa mwingine. Wataalamu walikuwa wamesema haiwezi kutokea. Ilikuwa inatutazama kutoka ukutani.

Kisha akampima mtoto utosini, pale palipo laini, na mashine ikaonyesha punje nyeupe zimetawanyika ndani kama chumvi mezani.

"Maji hayajajaa kichwani," alisema. "Hiyo shukuruni. Wengine huzaliwa kichwa kimevimba, wengine wana degedege kabla hawajanyonya. Wengine wanazaliwa wazuri kama huyu, mnambusu, anakua, anaanza shule, halafu siku moja darasani ubao unapotea. Vifuko vile vinapasuka vinapotaka vyenyewe. Inaweza kuwa mwezi ujao. Inaweza kuwa akiwa mwari. Inaweza isiwe kabisa. Sitakudanganyeni."

"Na kulia?" Mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni. "Kwa nini mjukuu wangu halii?"

"Kwa sababu hiyohiyo inayomfanya mkweo acheke, Mama."

*

Dawa ipo. Sisi tunaiita Kwaheri. Kampuni huwapa wanaomaliza mkataba, ili mtu asiondoke na mali ya watu kichwani. Inaingia kwenye kifuko, inamwua mgeni, kifuko kinayeyuka. Lakini ini la mtoto mchanga haliiwezi ikienda moja kwa moja. Lazima ipite kwa mama. Mama anakunywa, mtoto ananyonya, kidogokidogo, mpaka taa ya buluu isione kitu.

Filotea alituletea chupa nyumbani mwenyewe, asubuhi, akaiweka juu ya kigoda barazani. Oresta alikuwa ameketi mkekani akimnyonyesha mtoto. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo.

"Sikilizeni vizuri kisha muamue," Filotea alisema. "Vifuko vikifa, kichwa cha mtoto kinaweza kuvimba kidogo. Anaweza kupata degedege, nitakuwa hapa. Kuna watoto wawili kambi ya pili waliopewa. Mmoja anaendelea vizuri. Mmoja bado sijui. Mkiacha, huenda jicho la kushoto likadumu maisha yake yote. Huenda lisidumu. Lakini mkisema ndiyo, semeni leo. Kila siku vinazidi kusogea pale katikati."

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mama yake atamtoa mgeni wake pia. Hakuna njia ya kumpitisha mmoja tu mlangoni."

Wote tulijua maana yake. Osward alimaliza mkataba wiki ileile niliyopanda juu ya benchi kantini, akanywa Kwaheri yake, akafunga begi. Nilimsindikiza stendi. Kabla basi halijaja akaweka begi chini, akakaa juu yake, akaanza kumlilia baba yake, ambaye alikufa zamani na yeye alimzika akiwa anatafuna karanga. Alilia mpaka watu wakadhani ameibiwa. Basi lilikuja likaondoka. Nilimwambia, "Osward, basi limeondoka." Akaniuliza, "Na Kalolo? Kalolo tulimzika lini?" Nikamwambia tulimzika. Akaanza upya.

Kitu mgeni alichopunguza sauti hakikuondoka. Kilikuwa kinakungoja hapohapo, kimejaa.

Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Baba Bena," aliniita, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, jambo ambalo kwa mkwe si la kila siku. "Wewe ulikuwa umeshachomwa sindano yako. Hukuona. Mimi niliona. Bena alipokufa nilishuka, na mwaka mzima nililala na huyu kitanda kimoja, nimefunga mkono wake na wangu kwa khanga, ili akiinuka nijue. Maana alikuwa anainuka anakwenda kumfukua mtoto." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. Kwenye baraza ile ni yeye peke yake aliyekuwa nayo, yeye na nesi. "Sasa amelala. Anakula. Ananiuliza habari za nyumbani. Mnataka nianze tena kumfunga? Mimi nimezeeka. Mkono wangu hauna nguvu ile."

"Mama amesema," nikadakia, maana kwangu lilikuwa jambo jepesi, kama kuchagua bomba la kufunga. "Mtani, chukua chupa yako. Tuna jicho moja zima, huenda likadumu. Tuna mama aliyepona. Tuna mtoto asiyesumbua mtu. Nani katika kambi hii ana nyumba yenye amani kama yetu?"

Filotea alikuwa anamtazama Oresta.

Oresta alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamlaza mkekani. Aliongea polepole, sauti tambarare, kama anayesoma maandishi kwenye mfuko wa sabuni.

"Asubuhi nimekwenda kuanika nepi. Kuku amelala juu ya kaburi la Bena, amechimba shimo lake pale, anajipigapiga vumbi. Nimemtazama. Nimeanika nepi zote. Nimerudi ndani."

"Kuku ni kuku tu," nikasema.

"Sikumfukuza, Baba Bena."

"Na utamfukuza kesho. Nitamfukuza mimi. Nitamchinja, tumle, ukitaka."

"Nilikataa sindano," alisema. "Nakumbuka nilikataa. Nilikuwa na sababu. Naijua ile sababu, naweza kuitamka. Ila ni kama nimeazima ya mtu mwingine."

"Sasa si ndiyo kupona huko?"

Hapo Mama mkwe akapiga ukelele. Aliruka kutoka pale kwenye ungo, akamnyakua mtoto mkekani, akamgeuza. Siafu walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa saruji. Mmoja alikuwa amening'inia kwenye kisigino, mwingine nyuma ya goti, kichwa kimezama kabisa kwenye nyama. Mama mkwe aliwavuta, vichwa vikabaki, akavitoa kwa kucha huku akilia kwa sauti. Damu kidogo, tone tone.

Wewe umewahi kuumwa na siafu, unajua. Mtu mzima hutupa alichoshika.

Mtoto alikuwa anatazama bati la baraza. Jicho la kushoto lilikuwa linafuata mwanga uliopita kwenye tundu la msumari. La kulia lilikuwa limetulia tu. Alipiga mwayo. Mguu wake uliumuka mbele yetu, na yeye alipiga mwayo.

"Wamekaa muda gani hawa?" Filotea aliuliza, amepiga magoti, anakagua shingo, makwapa. "Mungu wangu, wamekaa muda gani?"

Hatukujua. Angetuambia nani?

Mama mkwe alimshikilia mtoto kifuani. Nilimwona anaitazama ile chupa kwenye kigoda, kisha anamtazama bintiye, kisha chupa tena. Mkono wa kulia alikuwa ameushika kwenye kifundo, pale alipokuwa akifungia khanga.

Oresta akasimama. Alitembea mpaka kwenye kigoda, bila haraka, akachukua chupa, akaisoma.

Nami, kwa sababu mgeni wangu alikuwa ndani na kazi yake anaifanya vizuri, na kwa sababu niliona baraza imechafuka na nikataka kuirudisha kama ilivyokuwa, nilitoa hoja yangu ya mwisho. Niliitoa kwa tabasamu. Niliona ni hoja nzuri.

"Mke wangu, tazama," nilisema. "Siafu hao wawili, na hata hapo kasumbuka? Hajui kama kuna maumivu duniani. Tunataka kwenda kumfundisha ya nini? Mtoto yuko salama kabisa. Halii."

Oresta alifungua kizibo. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya wodi hakunitazama kama dirisha.

"Hata Bena halii," alisema.